Mimi Nani?

Julai mwaka huu nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa chuo katika maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani. Nilieleza kwa dakika 20 jinsi mtafsiri anavyopata kazi na anavyoilinda, nikataja jina ninalotumia LinkedIn, nikapanda daladala kurudi nyumbani. Kabla sijashuka kituoni simu ilikuwa imeshaanza kulia. Hadi wakati wa kulala nilikuwa na jumbe 37 kutoka kwa watu nisiowajua.

Nikakaa kuzisoma. Zaidi ya nusu zilikuwa salamu tupu: "Mambo", "Habari mama", "Hi". Tatu zilikuwa faili la wasifu lililotumwa peke yake, bila neno la kulisindikiza. Na mmoja, ambao ndio ulionikaa moyoni, ulisema: "Shikamoo mama. Naomba koneksheni."

Siku tatu sikuujibu. Sikuwa na kiburi wala hasira. Sikujua tu nijibu nini. Koneksheni ya wapi, kwa nani, ya kufanya kazi gani? Kila nilipoufungua nilikutana na maneno yale yale manne, nikaufunga. Siku ya nne nikaanza kuona aibu, kwa sababu nilimkumbuka msichana mwingine aliyewahi kubisha milango kwa maneno yasiyofunguka, na msichana huyo nilikuwa mimi.

Nimekulia Tanga, mtaa wa Ngamiani, katika nyumba ya bibi mzaa mama. Mwezi wa Ramadhani, jua likikaribia kuzama, kazi yangu ilikuwa kupeleka sahani za futari kwa majirani, zimefunikwa kwa kawa. Siku moja, nikiwa na miaka minane hivi, nilitumwa barabara ya pili, kwa mzee ambaye hakuwa akinijua. Nikapiga hodi. Sauti ikatoka ndani, "Nani?" Nikajibu, "Mimi." "Mimi nani?" Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Mimi!" Mlango haukufunguliwa. Nikarudi nyumbani na sahani yangu, futari imeshaanza kupoa.

Bibi hakunigombeza. Alinishika mkono tukaenda pamoja hadi mlango ule ule, akanisimamisha kando yake, si mbele, ili macho yangu yasitangulie kuingia. Akaniambia, "Kila mtu ni mimi. Taja jina lako, sema u mtoto wa nani, sema umeleta nini. Piga hodi mara tatu. Wasipoitika geuka urudi, wala usinune."

Nimesoma miongozo mingi ya namna ya kumwandikia mtu usiyemjua ukitafuta kazi, na sijakuta hata mmoja uliomzidi bibi. Lakini maneno yale niliyachukulia kuwa adabu ya milango tu. Ilinichukua miaka mingi, na barua nyingi zilizopotea, kuelewa kwamba barua nayo ni mlango.

Mwaka 1999, baada ya kumaliza kidato cha sita, nilianza kuandika maombi ya kazi. Mfano wa barua niliuazima kwa kaka mmoja wa jirani. Kila aliyepita katika shule zetu anaujua: anwani mbili juu, "YAH: MAOMBI YA KAZI" iliyopigiwa mstari, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na chini kabisa "Wako katika ujenzi wa Taifa". Nikazipeleka kwa mama mmoja mpiga chapa aliyekuwa na mashine yake karibu na Posta. Barua 14 kwa ofisi 14, maneno yale yale. Nilichobadilisha ni anwani tu.

Alipofika barua ya tano, yule mama aliinua vidole kwenye mashine akaniuliza, "Mwanangu, hizi unawaandikia akina nani?" Nikaanza kumtajia: bandari, kiwanda, shule. Akatikisa kichwa. "Ofisi nimeziona. Nauliza watu." Sikuwa na jibu. Nikamlipa, nikanunua stempu, nikazituma zote.

Barua 13 hazikujibiwa. Ya 14 ilirudi baada ya mwezi mmoja. Katika aya ya pili, jina la ofisi nyingine lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu. Nilikuwa nimesahau kulibadilisha. Hakukuwa na neno jingine lolote juu ya karatasi ile.

Siilaumu barua rasmi tuliyofundishwa. Mstari wa "YAH" ni uvumbuzi wa busara kubwa: kabla msomaji hajaingia ndani anajua ameitiwa nini. Ningetamani vijana wa leo waurithi, waanze ujumbe wao kwa kusema unahusu nini. Kosa langu lilikuwa kwingine. Niliyeandikia ofisi 14 sikuwa nimemwandikia mtu yeyote, na aliyezifungua alilijua hilo kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Siku hizi kosa hilo limerahisishwa. Unanakili, unabandika, unatuma kwa watu 200 kabla ya chai ya asubuhi: "Nimevutiwa sana na kampuni yako." Kampuni gani? Imekuvutia kwa lipi? Tangu wino ule mwekundu nina desturi moja. Nikimaliza kuandika, ninalifuta jina la mpokeaji na kuweka la mtu mwingine kichwani mwangu. Kama barua bado inasomeka bila kugoma popote, bado sijaiandika.

Mwaka 2003 nilikuwa Dar es Salaam, nafundisha tuisheni na kutafsiri vijibarua vya watu kwa malipo ya nauli. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulikuwa bado. Ulifika pwani yetu mwaka 2009. Intaneti ya wakati ule ilikuwa ya polepole na ya bei, nasi tuliinunua kwa nusu saa katika vyumba vyenye joto na foleni. Nilijizoeza kuandika barua yangu kwenye daftari usiku, ili nikikaa mbele ya kompyuta niinakili mbio kabla muda haujakwisha.

Barua moja niliiandikia kampuni ya tafsiri ya Ulaya. Ilijaza kurasa tatu za daftari. Nilianza na kuzaliwa kwangu, nikaeleza kifo cha baba, ada za mdogo wangu, mapenzi yangu kwa Kiswahili tangu darasa la tatu. Ombi lenyewe lilikuja mstari wa mwisho: "Kwa hiyo naomba mnisaidie kazi yoyote."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, maswali matatu tu. Unatafsiri kutoka lugha gani kwenda lugha gani? Unaifahamu vizuri fani ipi? Unaweza kutafsiri maneno mangapi kwa siku? Nilibaki nimeikodolea macho skrini. Swali la kwanza na la pili ningeweza kuyajibu kwa mstari mmoja kila moja, na majibu hayakuwamo popote katika kurasa zangu tatu. La tatu sikuweza kulijibu kabisa. Sikuwahi kuhesabu. Baadaye nilijua kuwa wengi katika fani yetu hutafsiri kati ya maneno 2,000 na 3,000 kwa siku, na kwamba mtu asiyejua kiasi chake mwenyewe hawezi kupangiwa kazi.

Dhiki niliyoieleza ilikuwa ya kweli, na sioni aibu kwamba niliieleza. Lakini niliiweka mahali ambapo kazi yangu ilipaswa kukaa. Nilimtwika mtu wa mbali mzigo ambao hakuwa na namna ya kuubeba, kisha nikamwachia afikirie mwenyewe anisaidie vipi. "Kazi yoyote" lilionekana kwangu kuwa ombi la mnyenyekevu, asiyechagua. Kwa aliyelipokea lilikuwa ombi zito kuliko yote, kwa kuwa lilimtaka anichagulie fani, nafasi na kiwango, naye hanijui. Ombi jepesi ni lile ambalo mpokeaji anaweza kulijibu amesimama: "Je, mnapokea watafsiri wapya wa Kiswahili kwa nyaraka za afya?" Ndiyo au hapana. Mtu mwenye shughuli nyingi anaweza kukupa "ndiyo" au "hapana" yake leo hii. Hawezi kukupa alasiri nzima ya kukufikiria.

Mlango wa kwanza uliofunguka ulifunguka mwaka uliofuata. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu zahanati, akiharisha. Tulipokuwa tukisubiri nikachukua kipeperushi kilichokuwa mezani, cha shirika moja la afya, kuhusu kuhara kwa watoto. Kilikuwa na maelezo mazuri ya kuchanganya maji, chumvi na sukari. Nilipofungua ukurasa wa pili nikakuta mzazi anaambiwa alete "kigoda cha mtoto" maabara. Pembeni yangu alikuwa amekaa mama mwenye mtoto mgonjwa, ameshika kipeperushi kama hicho, akisoma mstari ule kwa kidole.

Usiku ule niliandika kwa anwani iliyokuwa nyuma ya karatasi. Baada ya salamu na jina langu barua ilikwenda hivi:

"Mimi ni mtafsiri wa Kiingereza na Kiswahili, naishi Dar es Salaam. Nimesoma kipeperushi chenu kuhusu kuhara kwa watoto katika zahanati ya mtaani kwetu, na maelezo ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari yanaeleweka vizuri sana. Katika ukurasa wa pili mzazi anaambiwa alete kigoda cha mtoto maabara; nadhani mtafsiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, na iliyokusudiwa ni choo. Nimeambatisha ukurasa huo ukiwa umesahihishwa, muutumie mkipenda. Je, mna mtu anayepitia tafsiri zenu kabla hazijachapwa? Kama hayupo, ningependa kufanya jaribio la ukurasa mmoja."

Sentensi sita. Jibu lilikuja siku ya nne, kutoka kwa mama aliyesimamia machapisho. Alinipa ukurasa mmoja, kisha kipeperushi kizima, kisha kitabu cha wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Nilifanya naye kazi kwa miaka tisa.

Nimeirudia barua ile mara nyingi kutafuta ilikuwa na nini, maana niliyeiandika nilikuwa maskini yule yule wa kurasa tatu. Naona kwamba, bila kujua, nilikuwa nimemtii bibi. Nilisema mimi ni nani. Nilisema kwa nini nimekuja mlango ule na si mwingine. Nilikuwa na sahani mkononi: ukurasa uliosahihishwa, ambao wangeweza kuuchukua hata kama hawakunipa kazi. Na nilisimama kando ya mlango, kwa maana kwamba mwenye nyumba angeweza kusema hapana bila kunivunjia heshima wala kuvunjiwa yake.

Kuna jambo jingine, nililolijua baadaye. Baada ya miezi kama mitano, tulipokuwa tumezoeana, yule mama aliniambia kwa sauti ya chini kuwa aliyetafsiri ukurasa ule wa kigoda ni yeye mwenyewe, usiku, akiwa na homa. Nilishikwa na baridi. Kama ningeandika kwa dharau, kama ningesema "mmewaaibisha Waswahili", ningekuwa namtukana mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kunifungulia. Tangu hapo, nikigusa kosa la mtu nisiyemjua, huandika kana kwamba anayesoma ndiye aliyelifanya. Mara nyingi huwa ndiye.

Hata hivyo niliendelea kukosea. Mwaka 2006 nilimwandikia mhariri wa vitabu vya shule jijini Nairobi. Barua yenyewe ilikuwa nzuri, nilikuwa nimejifunza. Hakujibu. Siku ya tatu nikamkumbushia. Siku ya tano nikamkumbushia tena. Siku ya sita nikaandika mstari ambao ningetoa chochote niufute: "Naona umeamua kunipuuza." Jibu lilikuja wiki iliyofuata: "Nilikuwa msibani, nimemzika mama. Nakutakia kila la heri." Niliomba radhi, naye hakuandika tena.

Nilikuwa nimeusoma ukimya wake kama barua iliyoandikwa kwangu, kumbe haukuwa na uhusiano wowote nami. Mtu anaweza kuwa msibani, anaweza kuwa safarini, anaweza kuwa na mtoto mgonjwa, au ujumbe wako umezama chini ya mingine 60. Sasa hungoja siku saba hadi kumi, nikakumbushia mara moja, na ninapokumbushia huongeza kitu kipya: kazi niliyoimaliza, makala inayohusu jambo lake, swali langu likiwa limefupishwa zaidi. Mwezi ukipita nabisha mara ya tatu, ya mwisho, kwa kushukuru. Kisha nageuka, na sinuni.

Nisipoeleza lililonipata mwaka 2009 nitakuwa nimewadanganya mabinti wanaonisoma. Niliandika kwa mkuu wa taasisi moja nikiomba kazi ya ukalimani katika mkutano. Alijibu saa ile ile, akanisifu, akasema mambo kama haya hayazungumzwi kwa barua, niende jioni tuonane hotelini, akataja na namba ya chumba. Nilijibu kwamba nitafurahi kuonana naye ofisini saa za kazi. Kazi ikaenda kwa mwingine. Kwa miezi kadhaa sikumwandikia mtu yeyote nisiyemjua. Nilijiuliza ni neno gani katika barua yangu lilimpa ruhusa ile.

Hakuna neno lililompa. Sheria yetu ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeliweka jambo hilo wazi katika kifungu cha 25: mwenye mamlaka anayetaka ngono kama sharti la ajira au upendeleo anatenda kosa. Namwambia kila binti: kuandika kwa adabu si kujiuza. Mtu akihamisha mazungumzo kutoka kazini kwenda chumbani, tunza jumbe zake, mwambie mtu unayemwamini, ondoka. Na kwa sisi tunaobishiwa hodi nasema: anayekuja mlangoni kwako na wasifu wake mkononi ameweka heshima yake mikononi mwako kwa dakika moja. Dakika hiyo itakuhukumu.

Nikajiunga na LinkedIn mwaka 2012. Mtandao huo ulifunguliwa mwaka 2003, mwaka ule ule niliokuwa nanakili kurasa zangu tatu kwenye kompyuta ya kukodi, lakini kwetu ulikuwa bado mgeni. Nilichokipenda kwanza ni ufinyu wake. Kisanduku cha ujumbe unaosindikiza mwaliko hakipokei hata herufi 400. Huwezi kusimulia kifo cha baba humo. Unalazimika kuchagua: jina, sababu, ombi.

Mwaka huo huo nilihudhuria mkutano Arusha. Wakati wa chakula nilikaa na mkalimani kutoka Uganda, tukazungumza nusu saa juu ya istilahi za mazingira zinavyotusumbua. Niliporudi nyumbani nilimtumia mwaliko wenye mistari mitatu: nikamkumbusha tulikokaa, nikamshukuru kwa mazungumzo, na siku ya pili nikamtumia orodha ya istilahi niliyokuwa nimemwahidi. Sikumwomba chochote. Hatukuonana tena. Mwaka 2014 akaniandikia: kuna wakala wa tafsiri anamtafuta mtu wa Kiswahili kwa mkataba mrefu, nimetaja jina lako, je ni sawa? Mkataba ule ulinilisha mimi na nyumba yangu kwa miaka mitatu.

Wakati huo marafiki zangu wa damu, walionijua kwa shida na raha, hawakuwa wamenipatia kazi hata moja, na kwa muda nililiona hilo kuwa jambo la kuhuzunisha. Kisha nikasoma makala ya Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1973. Aliwahoji watu wa kitongoji kimoja karibu na Boston waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara chache, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Maelezo yake ni mepesi: rafiki wa karibu anaishi katika habari zile zile unazoishi wewe. Lililo jipya linaletwa na aliye mbali kidogo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia majaribio yaliyohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, na ukaonyesha kuwa wanaosaidia zaidi mtu kuhamia kazi mpya ni wale wa katikati: si ndugu wa shibe moja, wala si mgeni kabisa, bali mtu mliyefahamiana kidogo.

Wazee wetu wana methali mbili zinazovutana juu ya jambo hili. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema, na nyoka akiwa chumbani ni kweli. Lakini wanasema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kutafuta kazi nimeona ya pili ikitimia mara nyingi kuliko ya kwanza. Ndiyo maana nawasihi vijana waandike siku ambazo hawana shida. Umemsikia mtu akitoa mada nzuri, mwandikie mistari miwili useme ni kipi kilikufaa. Umesoma kazi ya mtu, mwambie ukurasa gani ulikusimamisha. Anayekuja mlangoni siku ya njaa tu hujulikana kwa njaa yake.

Narudi kwenye zile salamu tupu za Julai. Nimezifikiria sana, na siamini tena kwamba vijana wale walikosa adabu. Tukikutana njiani, salamu ni mambo ya kupokezana. Unasema shikamoo, nasema marahaba, unauliza habari za nyumbani, nakujibu, ndipo shida inatajwa. Anayeanza na shida ndiye asiye na malezi. Kijana anayeandika "Mambo" na kungoja anaifuata adabu hiyo hiyo ya njiani. Tatizo ni kwamba maandishi hayana njia wala macho ya kukutana. Mpokeaji anaona neno moja kutoka kwa mtu asiyemjua, katika nchi ambayo simu zetu zimechoshwa na matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", naye anasita.

Barua zetu za zamani zililijua hili. "Natumaini u mzima wa afya" na "dhumuni la barua hii" vilisafiri ndani ya bahasha moja, kwa kuwa hakuna aliyetuma shikamoo peke yake kutoka Tanga hadi Mwanza, akangoja marahaba wiki mbili, ndipo anunue stempu ya pili aeleze shida. Kasi ya simu imetusahaulisha. Salamu isiachwe, ujumbe wa Kiswahili usio na salamu huumiza sikio, na mkubwa wako kwa umri bado anastahili shikamoo yake hata kama mnazungumza kwa kioo. Ila salamu na haja zipande chombo kimoja.

Siku ile ya nne nilimjibu: "Marahaba mwanangu. Wewe ni nani, unafanya nini, na ni jambo gani moja unadhani naweza kukusaidia? Niandikie sentensi sita, usiogope." Kisha nikawajibu na wengine wote kwa maneno hayo hayo. Kati ya 37 waliorudi ni 11. Sijui waliobaki walikwama wapi, na hilo linaniuma, kwa sababu baadhi yao huenda walihitaji kufundishwa tu kama nilivyofundishwa kando ya mlango.

Yule wa koneksheni alirudi baada ya siku tano. Ni binti wa mwaka wa mwisho, kwao ni Handeni. Aliandika kwamba likizo hujitolea zahanati ya kijijini kwao, na kwamba huko wanatumia kipeperushi cha kuhara ambacho nyuma yake pana jina langu. Nilikitafsiri upya miaka iliyopita. Maelezo ya maji ya chumvi na sukari, akasema, akina mama wanayaelewa vizuri. Lakini ukurasa wa pili unawaambia walete "sampuli ya choo", na amewasikia zaidi ya mara moja wakimuuliza muuguzi hiyo sampuli ni dawa gani na inauzwa wapi. Alipendekeza "choo kidogo cha mtoto ndani ya kikopo safi". Angependa kujifunza kazi ya kupitia tafsiri za afya. Je, namfahamu mtu anayepokea wanaojaribu?

Niliihesabu. Sentensi sita.

Uso ulipata moto kidogo. Neno "sampuli" nililichagua mwenyewe na kulitetea mbele ya mhariri, nikisema ni la kawaida. Nikamkumbuka mama wa machapisho, usiku wake wa homa, na jinsi alivyopokea barua ya msichana asiyemjua bila kuifanya vita. Nikatoa kipeperushi kabatini, nikafungua ukurasa wa pili, nikalikata neno lile kwa kalamu.

Kisha nikamwomba binti ruhusa ya kulitaja jina lake, na alipokubali nikamwandikia mhariri wangu wa sasa. Nilimweleza kuhusu akina mama wa Handeni, nikaambatisha ukurasa uliosahihishwa, nikauliza kama angempa jaribio la ukurasa mmoja. Nilianza barua ile kwa jina lake kamili, anakotoka, na alicholeta.